Duka la santuri pale Majengo
Jana nilipita Majengo, hapa Moshi, nikakuta palipokuwa na duka la santuri kuukuu sasa panauzwa makava ya simu. Mwenye duka, ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Babu, hakuruhusu mtu aguse uso wa santuri. Alitaka ishikwe ukingoni, kisha yeye mwenyewe aliipangusa kwa kitambaa laini na kuishusha sindano taratibu, utadhani analaza kichanga. Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika alizipenda zaidi, na ikipigwa ya Morogoro Jazz alitunyamazisha wote, akalisubiri gitaa la Mbaraka Mwinshehe huku amefumba macho. Fedha zangu (nakiri) hazikutosha hata siku moja. “Lete ulichonacho, mjukuu wangu, iliyobaki utalipa ukikua.” Sikuwahi kuilipa.