Doa na mto

Jana jioni binti yangu, kajilaza sakafuni na penseli zake za rangi, aliniuliza, "Mama, jina Doto linachorwaje?" Chai ikapoa mkononi mwangu.

Swali hilo niliwahi kuulizwa darasani Uingereza, majira ya baridi ya mwaka ule Kulwa alipotutoka. Ya msiba nayaacha. Nakumbuka karatasi.

Ilikuwa nakala ya ukurasa wa Matrícula de Huexotzinco, sensa iliyochorwa Mexico mwaka 1560, ambayo leo imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Vichwa vya wanaume, safu kwa safu, vyote vimetazama upande. Kando ya kila kichwa, picha ndogo: hapa tai, pale nyoka, pale ua. Hilo ndilo jina la mtu. Padre kishambatiza Juan au Pedro, na herufi za Kilatini zipo palepale, lakini mchoraji hakulitupa jina la Kinahuatl, lugha ya wenyeji, alilopewa na wazazi. Niliinama hadi pumzi yangu ikaigusa karatasi. Nilipita kichwa kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati wa stendi.

Mwalimu akasema kila mmoja achore jina lake. Tai unachora. Pacha wa pili unamchoraje peke yake? Nikachora vichwa viwili, nikakwama.

Akanionyesha kwamba picha ya maana ilipokosekana, waandishi wale walikopa sauti. Antonio de Mendoza, mwakilishi wa kwanza wa mfalme wa Uhispania aliyefika mwaka 1535, waliliandika jina lake kwa metl, mmea wa jamii moja na mkonge wetu, na tozan, mnyama mchimbaji mithili ya fuko. Me-toza. Basi nikachora doa, na chini yake mto. Do-to. Nilifurahi, kisha nikakitazama kile kichwa cha pili, hakina kitu kando yake. Sijui kama nilikosa picha, au sikutaka kuipata.

Jana nilimfundisha binti doa na mto. Akachora upesi.

"Na mama mkubwa Kulwa?"

"Tuanze na ku," nikamwambia.

Akachora kuku mwekundu, mkubwa kuliko kichwa chenyewe. Halafu akainua penseli, akaningoja.