Furu si chambo tu

Hapa Mwanza ukimuuliza mvuvi leo kapata nini, atakutajia sangara, sato, dagaa, hata gogogo. Furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, hamtaji. Kamtia kwenye ndoo pembeni, anasubiri kutungwa kwenye migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, awe chambo cha sangara. Mimi hilo linaniudhi, na pale mwaloni wameshazoea kunicheka ninavyoinamia ndoo za watu.

Mshike dume mmoja aliyekomaa, umtazame pezi la chini lililo karibu na mkia. Utaona vidoa vya mviringo, vya njano au rangi ya chungwa, vimefanana na mayai kabisa. Vina kazi. Jike akitaga huyazoa mayai yake kwa mdomo, kisha huvidonoa vile vidoa akidhani kuna mengine yamebaki. Dume naye anaachia mbegu, na mayai yanarutubishwa humo humo kinywani. Mama huwalea watoto mdomoni mpaka waweze kuogelea, na hatari ikitokea wanakimbilia humo tena. (Wapo furu wengine ambao riziki yao ni kuwafyonza watoto hao kinywani mwa mama. Roho mbaya ilianza zamani!)

Wataalamu wanawaita Haplochromis, na ziwani humu walikuwa wa aina kama 500: wavunja konokono, wakwangua mawe, wala samaki wenzao. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wa Ghuba ya Mwanza walikuwa karibu wameisha.

Lakini sangara tunambebesha hata dhambi zetu. Maji tumeyachafua wenyewe kwa udongo wa mashamba na uchafu wa mji. Chukua Haplochromis nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Dume wake ana mgongo mwekundu, na binamu yake wa karibu ni wa bluu. Jike huchagua mume kwa rangi. Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, kila mmoja yuko na wa kwao. Kwenye maji ya tope rangi haionekani, wanazaliana ovyo, na aina mbili zinageuka moja bila kuliwa na yeyote.

Tangu miaka ya 1990 baadhi wamerudi, hasa wale wanaokula vijidudu vinavyoelea majini. Na kati ya waliorudi wamo wenye matamvua makubwa kuliko ya babu zao, maana oksijeni ziwani imepungua.