Miaka mitatu ya maua bila tunda

Leo nimechuma tunda la kumi na moja la kaktasi yangu ya nguzo, ile wataalamu wanayoiita Cereus repandus, na nimelila papo hapo chini ya mmea. Kwa miaka mitatu nilikuwa naokota maua yaliyodondoka tu.

Kuiotesha si kazi. Unakata kipande cha urefu wa mkono, unakiweka kivulini wiki mbili hadi jeraha likauke kabisa, ndipo unakichomeka kwenye mchanga wenye kokoto. Cha kwanza nilikimwagilia siku ileile, kama nilivyoelekezwa, kikaoza kuanzia chini. Wanaosema kila mche unataka maji hawajawahi kupanda kaktasi.

Mtihani ulikuwa tunda. Niliambiwa nipande mashina mengi, nikapanda sita, yote kutoka mmea mmoja. Yakachanua maua meupe, makubwa kuliko kiganja, yanayofunguka giza likiingia na kunyauka asubuhi. Siku chache, chini. Nikaambiwa mbolea haitoshi, nikaongeza. Bado chini! Kumbe kaktasi hii haikubali chavua yake yenyewe, na vipande vya mama mmoja ni mmea uleule hata vikiwa mia. Kwao Amerika Kusini, popo na nondo huileta chavua kutoka mmea mwingine. Kwangu mwingine hakuwapo.

Nikapata kipande kwa mtu aliyeotesha wake kwa mbegu, nikasubiri. Kilipochanua, kilitangulia vile vyangu kwa siku nne. Sikukubali chavua yake ipotee bure: niliikung'uta kwenye karatasi, nikaiacha ikauke, nikaitia kwenye kichupa na kuiweka kwenye friji. Maua yangu yalipofunguka, saa tatu usiku nilikuwa juu ya ngazi, tochi mdomoni, brashi laini mkononi, nikiipaka kwenye ile nyota yenye vidole vingi katikati ya ua. Nilipaka maua matano, la sita nikaliacha makusudi nione tofauti. Hilo lilidondoka. Matano yakashika, na nyuma ya kila moja pakaanza kuvimba kijani. Nilikuwa nakwenda kuyatazama asubuhi na jioni.

Tunda usilichume likiwa kijani, halina ladha. Ngoja rangi ienee. Ngozi ikianza kupasuka limeiva, na usipoliwahi ndege watakutangulia. Halina miiba. Nyama yake ni nyeupe, na mbegu ndogo nyeusi unazitafuna humohumo. Likikaa kwenye friji kwanza ni tamu zaidi.

Shina nalo huliwa. Kisiwani Curaçao, huko Karibi, ambako mmea huu huitwa kadushi, hulitoa miiba na kulipikia supu yenye utelezi. Mimi bado nayaonea huruma mashina yangu.

Siku hizi mtu akiniomba kipande nampa viwili, kimoja cha kila mmea, na ninaviandika alama asije akavichanganya.