Bei ya kopa

Jumamosi, usiku wa manane

Nimerudi kutoka mezani na usingizi hauji. Leo nilikaa meza ya dola 4 na 8, poka ya Texas (kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za wote hufunguliwa mezani: tatu, kisha moja, kisha moja; mkono bora wa karata tano hushinda) yenye dau la kiwango: raundi mbili za mwanzo huweki wala huongezi zaidi ya dola 4 kwa mara moja, mbili za mwisho ni dola 8. Hapa kusini mwa California meza hizi bado zipo, ingawa vijana wamehamia zile za dau huria, ambako mtu anaweza kusukuma mbele kila alicho nacho.

Mimi nazipenda kwa sababu mwenye jozi nzuri hana namna ya kunifukuza. Kwenye dau huria angenitoza dola 100 niisubiri karata yangu. Hapa ananitoza 4, halafu 8, basi. Kwa hiyo mkono ambao haujaiva, unaosubiri karata moja ukamilike, una thamani yake, mradi ujue unanunua nini na kwa bei gani.

Mkono wenyewe ulikuwa huu. Nilikuwa wa mwisho kusema, nikapata ree na tano za kopa. Tuliingia wanne, nyumba ilipokata dola 4 zake, chungu, yaani pesa zinazoshindaniwa, kikabaki na 14. Zikafunguliwa kingi ya kopa, saba ya pau na mbili ya kopa. Wa kwanza akaweka 4, wawili wakafuata, mimi nikapandisha hadi 8. Wote wakalipa.

Binamu yangu, aliyefika majuzi kutoka Mombasa, alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza: "Kaka, waongeza na nini? Huna hata jozi!"

Kweli sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na kopa nne, na ya tano ingenipa mkono mkubwa. Nilishaona karata 5, zimebaki 47, na 9 kati ya hizo ni kopa. Zinakuja karata mbili zaidi, na uwezekano wa kupata kopa ni kama asilimia 35. Tuko wanne: kila ninapotia dola 4, wenzangu wanatia 12. Nachangia robo ya pesa inayoingia, na zaidi ya theluthi yake ni yangu kwa hesabu. Angekuwepo mmoja tu wa kunilipa, nisingepandisha kwa hoja hiyo, maana ningechangia nusu.

Karata ya nne ikawa tatu ya pau. Binamu akasonya. Mimi nikafurahi kimoyomoyo, kwa sababu sasa nne yoyote ingeunganisha ree, mbili, tatu na tano ziwe karata tano mfululizo, nao ni mkono mkubwa pia. Kopa 9, na nne 3 zisizo kopa: karata 12 kati ya 46. Wa kwanza akaweka 8, mmoja akatupa karata zake akatoka, mwingine akafuata. Chungu kina 62 nami nadaiwa 8, karibu mara nane, ilhali kukosa hakufiki hata mara tatu ya kupata. (Saba na tatu za kopa siziamini sana. Zingerudia karata zilizo mezani, na mtu mwenye karata tatu zinazofanana angepata na jozi juu yake, akanipita. Zifute zote mbili, bei bado ni rahisi mno.) Nikalipa.

Ikaja kumi ya shupaza. Nikatupa.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu iitwayo Cepheus, inayocheza poka hii hii ya kiwango, ya watu wawili, kiasi kwamba binadamu akicheza nayo umri wake wote hawezi kuwa na hakika kwamba ameizidi. Nayo hutupa mikono kama nilivyotupa mimi. Tofauti ni kwamba haina binamu wa kuisonya.

Huyu binamu ni stadi wa karata za barazani. Anajua turufu zipi zimetoka na zipi zimebaki, haandiki popote. Nilidhani hesabu hii ingemwingia upesi. Wapi! Kuhesabu anahesabu, ila hajazoea kila karata kuja na bei yake. (Mama hataki hata kusikia habari hizi. Kwake kamari ni kamari.)

Baadaye akaingia mwenyewe. Akawa na karata ya kumi na ya tisa, zikafunguliwa saba, sita na mbili. Ni nane tu ya kumwokoa, na nane ziko 4: karata 43 za kukosa dhidi ya 4 za kupata, karibu 11 kwa 1. Mkono kama huo siku nyingi natupa bila kufikiri, na watu wa meza hizi wanaoufuata hata chungu kikiwa na dola 18 tu ndio wanaotulipia chai. Lakini raundi ya kwanza sita walikuwa wamelipa 8 kila mmoja. Ilipomfikia zamu chungu kilikuwa na 56, yeye anadaiwa 4. Ni 14 kwa 1. Akafuata hata kabla sijamaliza kugawanya, na ikaja nane ya uru.

Njiani nikamwambia ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, bei ilikuwa nzuri.

"Bei gani tena, Kaka? Mimi niliiona yaja."