Laxton: Kijiji Kinacholima Bado kwa Mpango wa Enzi za Makabaila

Shule ya msingi, mwalimu wa siasa alitukaririsha: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari. Ukabaila ulibaki kwangu neno la kujibia mtihani, hata baada ya kuishi Uingereza miaka mingi. Juni iliyopita nilipanda treni King's Cross, nikashuka Newark, nikachukua teksi hadi kijiji cha Laxton, Nottinghamshire.

Njia nzima kila shamba lina ua wake wa miti. Ukifika Laxton na kuzipita nyumba za mwisho, nyua hamna, ni uwanda mtupu wa nafaka. Mashamba makubwa ni matatu: West Field, South Field na Mill Field. Kila moja limekatwa vipande virefu, vyembamba, na vipande vya mkulima mmoja vimetawanyika: kimoja kwenye udongo mzuri, kingine bondeni penye maji. Hivyo neema na shida ya ardhi viligawiwa watu wote. Sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa namna hii, mpaka wenye ardhi walipozungushia nyua. Hapa mpango wa zamani ulisalia.

Nilifuata kijia cha majani nikihesabu hatua. Furlong, kipimo cha mita 200 hivi, kilitokana na mtaro wa plau: maksai waliukokota mwendo huo, wakapumzika, wakageuka. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya baridi, la pili hupandwa majira ya kuchipua, la tatu zamani lililazwa bila kupandwa, na mifugo ya kijiji kizima ikachungwa humo. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kupanda apendavyo, wala siku apendayo. Ilibidi wakae na kukubaliana.

Kaskazini ya kijiji kuna kilima cha udongo kilichorundikwa na mikono ya watu: mabaki ya ngome ya Wanormani, watu kutoka Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066. Nilikipanda taratibu. Kabla ya kuja kwao Laxton ilikuwa ya bwana aliyeitwa Tochi. Katika kitabu cha Domesday cha 1086, orodha ya mfalme ya ardhi na watu wake, bwana ni Geoffrey Alselin. Mfalme alimpa bwana ardhi ili apate askari wa farasi, na mzigo wa yote ukamwangukia mkulima. Alilima shamba la bwana siku kadhaa kila wiki, bila ujira. Kumwoza binti yake, alimlipa bwana. Akifa, mnyama wake bora alichukuliwa na bwana, na mjane akabaki na wanyama waliosalia. Kuhama bila ruhusa hakuweza. Chini ya mkulima huyo walikuwapo watumwa kabisa, takriban mmoja kati ya kila watu kumi waliohesabiwa katika Domesday. Pale juu nilikasirika, nakiri. Mwalimu wetu alitupangia hatua zile kana kwamba moja ilikwisha ndipo nyingine ikaanza.

Vifungo hivyo viliandikwa katika kumbukumbu za mahakama ya bwana. Tauni ya 1348 na 1349 iliua labda nusu ya watu, vibarua wakaadimika. Sheria ya 1351 ikajaribu kuzuia ujira usipande. Mwaka 1381 wakulima wa kusini na mashariki walipoasi wakiongozwa na Wat Tyler, mahali pengi walizitafuta kumbukumbu hizo kwanza, wakazitia moto. Walijua utumwa wao umehifadhiwa wapi.

Mahakama ya Laxton ingalipo. Kila mwaka, kuelekea Desemba, wakulima walioteuliwa hukagua shamba lililopandwa ngano, hupigilia vigingi mipakani, na aliyelima hadi kwenye njia au kijia cha majani hutozwa faini. Wiki moja baadaye kikao hukaa Dovecote Inn, baa ya kijiji. Wakulima bado ni wapangaji wa mwenye ardhi mmoja. Lakini chombo kilichowafunga babu zao, leo wanakitumia wenyewe kuamua nani amevuka mpaka wa jirani.

Jioni nilirudi shambani kukitafuta kigingi. Nilikipata kando ya njia, kijiti cha kawaida, ngano imekizunguka. Mistari ya mbegu ya mkulima mmoja iliishia pale, ya mwenzake ikaanzia pale pale, bila waya, bila jiwe.