Tundu la Kumi na Tatu

Ukiingia karakana yangu hapa Majengo, Moshi, utaona kibao cha mninga kimening'inia kwenye msumari juu ya jiriwa. Urefu wake sentimita 90, unene milimita 20, na katikati kimetobolewa matundu 24 kwa mstari mmoja. Mtoto wa jirani aliwahi kuniuliza kama ni filimbi ya jitu. Sisi tunakiita jigi, na kazi yake ni kuiongoza biti, ule msumari wa drili unaotoboa, ninapotoboa matundu ya pini, zile zinazobeba shelfu za kabati la vitabu ili mwenye kabati azipandishe au azishushe apendavyo.

Kilizaliwa kwa aibu. Masika ya mwaka juzi mwalimu mmoja mstaafu wa Kiboriloni aliniita. Alikuwa na mbao za mringaringa, mti wa kihamba chake mwenyewe, yaani shamba la nyumbani, zilizokaa darini miaka hadi zikakauka kama mfupa. Akasema ana atlasi, ana vitabu vya hadithi, ana vile vijitabu vya ibada, na hataki kifupi kikae kwenye nafasi ya kirefu. Kwa hiyo shelfu zihame. Nikamwambia hakuna shida, mama.

Kila ubavu wa kabati una mistari miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mistari minne mara matundu 24, unapata 96. Yote nikayapima kwa tepu na penseli, nikayapiga panchi, kile chuma chenye ncha cha kuweka alama, nikatoboa. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Wiki moja baadaye simu ikaita. Nikaenda, nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Hebu sogea uone kitu." Akaweka kidole kwenye kona ya shelfu, akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Ko. Ko. Ko. "Hili ni kabati au ni ngoma?"

Chini ya shelfu nyingine alikuwa ameshakunja kipande cha pakiti ya kiberiti akakipachika juu ya pini. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

Nilirudi na kabati lile karakana, nikapima. Shelfu inakaa juu ya pini nne, na moja ikiwa chini kwa milimita moja na nusu tu, shelfu inakalia tatu na ya nne inaning'inia bure. Milimita moja na nusu kuipata ni rahisi mno: penseli butu inakula nusu, panchi inateleza kidogo, halafu biti ya kutobolea chuma, ile yenye ncha ya mteremko, ikigusa nyuzi za mbao inakimbilia palipo laini. Na kila tundu lilikosea kwa namna yake, hili juu, lile chini.

Siku tatu nilishinda nikichonga vijiti vya mringaringa, navipaka gundi, navigongomea kwenye matundu 96, nakata, napiga msasa. Bila malipo, bila shaka. Jioni ya siku ya pili ndipo nikatengeneza jigi.

Nafasi ya milimita 32 kati ya tundu na tundu sikuibuni mimi. Ndiyo wanayotumia kwenye viwanda vya kabati huko Ulaya: tundu la milimita 5, mstari wa mbele uwe milimita 37 kutoka ukingoni. Hata bawaba za kikombe, zile zinazozama ndani ya mlango, zimepigiwa hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo kibao changu nikakipa upana wa milimita 74, mstari ukapita katikati kabisa, ili ukingo wowote nitakaouegemeza unipe 37. Nikaanza tundu la kwanza milimita 100 kutoka chini, la mwisho likabakiza 64 juu.

Na baada ya uangalifu wote huo, la kumi na tatu likatoka limepanda milimita 2.

Nusura nikitie kibao jikoni. Nikakaa juu ya gogo, nikanywa chai, nikakitazama. Kisha nikaona kitu ambacho kwa miaka kumi na moja ya useremala sikuwa nimekiona. Kibao kimoja kikitoboa mistari yote minne, tundu la kumi na tatu litapanda milimita 2 mbele, nyuma, kushoto, kulia. Pini zote nne za shelfu hiyo zitakuwa usawa mmoja. Itakuwa imepanda milimita 2, basi, na nani atajua? Nilichokuwa nakikimbiza kwa tepu ni vipimo sahihi, kumbe kabati lilikuwa linadai vipimo vinavyofanana.

Sharti lake ni moja: kibao kisipinduliwe kichwa chini miguu juu. Mpwa wangu anayejifunza kazi alinionyesha hilo mapema sana. Alitoboa mistari mitatu vizuri, wa nne akaegemeza ule mwisho wa juu kwenye kitako cha ubavu. Matundu yakaanzia 64, na pale palipotakiwa tundu la milimita 100 likawa 96, na yote yaliyofuata hivyohivyo. "Mjomba, mbona umbali ni uleule?" Umbali ni uleule, ndiyo, ila umeanzia pasipo. Siku hiyo nikaandika CHINI kwa makapeni, herufi kubwa, pande zote mbili. Ukihama kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia, unakigeuza kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, na CHINI inabaki chini.

Kabati likiwa refu kuliko jigi, natoboa hadi mwisho, nasogeza kibao mpaka tundu lake la kwanza likae juu ya tundu la mwisho nililotoboa, nachomeka biti nyingine ya 5 iwe kigingi, nabana, naendelea.

Kina ni milimita 10, zaidi ya hapo unatafuta balaa. Zamani nilizungushia biti tepu ya karatasi kama alama. Biti ikipata moto tepu inapanda polepole, nawe huoni, mpaka siku biti inachungulia upande wa pili wa ubavu uliokwisha pigwa vanishi. Sasa natoboa kipande cha mti, nakivisha biti hadi kigote kwenye drili, na nakikata ili zibaki nje milimita 30 tu: 20 za jigi, 10 za kabati. Kikigonga jigi, basi. Na biti iwe ya kutobolea mbao, yenye kincha katikati.

Pini nazo usiziamini kwa maneno ya muuzaji. Kuna za 5, kuna za 6, na zinachanganywa kwenye kopo moja. Mimi natoboa kwanza kipande cha kutupa, nachomeka pini, nakipindua. Ikidondoka, narudisha dukani.

Wengine wanapenda matundu yatoke juu hadi chini. Kwangu mimi linakuwa chujio, si kabati. Huwa natoboa matano tu kuzunguka mahali shelfu inapotarajiwa kukaa. Lakini Mwalimu alitaka yote, akapata yote. Mstari wa mwisho umeme ulikatika nikaumalizia kwa kekee ya mkono, na huwezi kuutofautisha na mingine. Ila ukiinama jua la asubuhi likipiga pembeni, vidoa vya vile vijiti vya zamani utaviona.

Jana alipiga simu tena, moyo ukaruka. Kumbe wajukuu wamekuja likizo, wamechomoa pini nane wakazifanya kete za bao, na hazionekani. Shelfu mbili amezikalisha juu ya misumari, na zinacheza.

Nimemtilia kumi kwenye bahasha. Jumamosi nitampelekea.