Ndizi ya Vienna

Mpwa wangu kaniandikia juzi usiku, "Shangazi, nimepata likizo nataka kwenda Austria na Ujerumani lakini kila nikifungua simu ni habari za wakimbizi na mipaka, kwani huko ni salama kweli?" Nikacheka peke yangu kitandani, manake hilo ndilo swali nililoulizwa mimi na ukoo mzima mwaka 2015. Nkamwambia subiri nikuandikie, WhatsApp haitoshi.

Mwaka huo nilikuwa nimeweka akiba kama miaka mitatu hivi. Mpango wangu ulikuwa nishukie Budapest, Hungary, siku mbili, nipande treni mpaka Vienna, Austria, nikae wiki, alafu Munich, Ujerumani, kwa rafiki yangu tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja hotelini zamani, alafu nyumbani. Bukingi nilimaliza mapema kabisa. Sasa Agosti ikaisha vibaya. Tarehe 27 kule Parndorf, Austria, kwenye barabara kuu inayotoka Hungary, likakutwa lori limeegeshwa kando, ndani maiti 71 za wakimbizi. Siku chache baadaye, Septemba 2, ikatoka ile picha ya Alan Kurdi, mtoto mkimbizi wa Syria aliyezama baharini, amelala pale ufukweni Uturuki. Mamangu aliiona hiyo picha kwenye taarifa ya habari akaniita sebuleni, akasema, "Mwanangu, watu wanakufa huko, nawe waenda kutembea?"

Nilikaa na hilo swali siku kadhaa. Ukiliangalia ni maswali mawili: moja ni kama nitadhurika, la pili ni kama siyo aibu. La pili sina jibu mpaka leo. La kwanza ndilo nililolifanyia kazi.

Na nilikuwa na sababu yangu. Mimi ni mtu wa risepsheni, Mombasa. Mei 2014 Uingereza ilitoa onyo raia wake wasije Mombasa, nikaona kwa macho yangu wageni wanashuka ngazi na masanduku kabla siku zao hazijaisha, wengine wanalia, ati hawataki kuondoka, basi zinawangoja nje ziwapeleke uwanja wa ndege. Baada ya hapo hoteli ikawa kama nyumba ya matanga. Tulipunguzwa kazi, mimi nilikaa nyumbani miezi minne, na wenzangu wengine hawakurudi kabisa. Mabomu yalikuwa ya kweli, sikatai, lakini aliyekuwa akiuza madafu kilomita 20 kutoka mlipukoni naye alifunga biashara. Kwa hiyo nilijiambia sitawafanyia watu wengine vile tulivyofanyiwa sisi, sitachukua bara zima nilipake rangi nyekundu. Lazima nijue hasa naogopa nini, na kiko wapi.

Nikaanza kufuatilia habari kila usiku kama mtu anayefuatilia ligi. Hao wakimbizi wenyewe, Wasyria na Waafghani na Wairaki, wengi na watoto migongoni, sikuona wanachonitafuta mimi. Kilichonitia wasiwasi ni usafiri. Septemba 1 stesheni ya Keleti pale Budapest ikafungiwa wakimbizi, maelfu wakalala nje. Tarehe 10 reli ya Austria ikasimamisha treni za kwenda na kutoka Hungary. Tarehe 13 Ujerumani ikarudisha ukaguzi mpaka wa Austria, tarehe 15 Hungary ikafunga mpaka wake na Serbia kwa ua wa waya. Yaani kila nikiamka ramani imebadilika. Basi nikaikata Budapest, nikalipa faini ya kubadilisha tiketi nishukie Vienna, iliniuma lakini nikanyamaza. Viza haikusumbua kwa sababu niliiomba Austria, ndiko nilikokuwa nikae siku nyingi. Bima nayo niliisoma mstari kwa mstari: ile inayotakiwa kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya euro 30,000, ni ya kuugua na kurudishwa nyumbani, treni isipokuja hiyo ni shauri yako.

Nilifika Oktoba. Stesheni ya Vienna, watu wa kujitolea wamepanga meza za supu na nguo, mabango ya Kiarabu kila mahali. Mimi mtandio kichwani, sanduku mkononi, macho mekundu sijalala. Akaja msichana mmoja wa Kizungu akanishika bega taratibu akanitilia ndizi mkononi na chupa ya maji, akanionyesha pa kukaa. Kabla sijamjibu mama mmoja akaanza kunisemesha Kiarabu haraka haraka ananyooshea bango. Wallahi niliona haya. Miaka yote ya madrasa, bango naweza kulisoma herufi kwa herufi, lakini maana siipati.

Siku ya kwenda Munich treni za moja kwa moja kutoka Salzburg zilikuwa zimesimamishwa, kwa hiyo nikachukua basi mpaka mpakani nikavuka daraja la mto Saalach kwa miguu kwenda Freilassing, upande wa Ujerumani. Kulikuwa na foleni mbili, ya wasafiri na ya wakimbizi. Nilisimama kwenye ya wasafiri, askari akaniangalia mara moja tu akaninyooshea mkono, nenda ile nyengine. Bibi wa Kizungu aliyekuwa mbele yangu alipita hata mkoba hakufungua. Nikatoa pasipoti, viza, tiketi ya kurudi, bukingi ya hoteli, hizo mbili za mwisho nilikuwa nimeziprinti, akavipekua kama dakika kumi hivi alafu akasema asante. Magoti yalikuwa yakinitetemeka. Wale wa foleni ya pili walikuwa wakitazama, na sijui walinionaje.

Kwa hiyo mpwa wangu, pasipoti yenyewe itembee nawe mwilini, usiiache hotelini ukabeba fotokopi. Usidanganywe kwamba ukishaingia Schengen hakuna wa kukuuliza, Ujerumani tangu Septemba 16, 2024 imerudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu, na wewe rangi yako na jina lako unavijua, utaulizwa kuliko wenzako. Tiketi ya treni chukua ya kubadilishika hata kama ni ghali. Ukikodi gari usimvushe mpaka mtu usiyemjua hata akulilie, unaweza kushtakiwa kwa kusafirisha watu. Simu na pochi chunga, wezi wa stesheni ni wenyeji wa siku zote. Na bibi yako muage vizuri, usimfiche kama nilivyotaka kumficha mimi.

Nimemtumia hii yote asubuhi. Kasoma, kanijibu na swali moja tu: "Na ile ndizi uliila?"

Niliila, bana. Nilikuwa na njaa.